Masta ya fiziotherapia ukitokea Dodoma: mwongozo kamili kwa anayeanza na anayeendelea

Mwaka jana kijana mmoja alinisubiri kwenye benchi nje ya chumba chetu cha mazoezi, bahasha mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Goti au mgongo?"

Akacheka. Hana maumivu, ana barua. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kimemdahili kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, mambo ya sayansi ya mazoezi na afya. Yeye ana digrii ya biolojia, baba yake ameuza kiwanja Nala, na amana ya ada imeshatumwa. Anataka kuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Niliisoma ile barua mara mbili nikitafuta sentensi moja tu, inayosema kwamba mhitimu anaweza kusajiliwa. Haikuwepo. Kozi yenyewe ni nzuri, ila angerudi nayo Dodoma na asingeruhusiwa kumshika mgonjwa hata mmoja.

Basi kabla hujatuma senti, soma hapa mpaka mwisho. Mimi nilisoma shahada ya kwanza Moshi, masta nikaifanya Afrika Kusini, na kila mwezi kuna mtu ananiuliza maswali haya haya.

Hatua ya kwanza: jua masta unayoitaka ni ya aina gani

Neno "masta" linabeba vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna masta inayomchukua mtu ambaye hajawahi kuwa mfiziotherapia, mwenye digrii ya biolojia, sayansi ya michezo, uuguzi au nyingine inayokaribiana, ikamfundisha kazi tangu mwanzo. Uingereza inachukua miaka miwili, na kwenye jina au maelezo yake utaona maneno "pre-registration", yaani kozi inayokuandaa kusajiliwa. Hayo maneno ndiyo ya kuyatafuta.

Halafu kuna masta ya mtu ambaye tayari ni mfiziotherapia na anataka kubobea: mishipa ya fahamu, watoto, michezo, mifupa na misuli. Hiyo haimwingizi mtu kwenye taaluma, inamkuta akiwa ndani. Ukiisoma bila kuwa na shahada ya kwanza ya fiziotherapia (wengi hawatakupokea, ila wapo watakaopokea ada yako kwa kozi ya jina linalofanana) utabaki na cheti cha kutundika ukutani.

Wenye stashahada ya fiziotherapia, najua mnasoma. Njia yenu kwa kawaida hairuki. Inapita kwenye shahada ya kwanza kwa udahili wa sifa linganishi, na baadaye ndiyo masta. Uzoefu wenu wa wodini utawabeba sana huko mbele, lakini hauzibi nafasi ya digrii.

Hatua ya pili: kaa siku chache chumbani kabla ya kujaza fomu

Watu wengi wanaijua kazi yetu kupitia mpira. Mchezaji kaanguka, mtu anakimbia na begi na chupa ya dawa ya kupuliza. Dodoma ya kila siku haiko hivyo.

Chukua mgonjwa mmoja. Alivunjika paja kwenye bodaboda, akafanyiwa upasuaji, akakaa wiki nyingi nyumbani bila kukunja mguu kwa sababu ndugu walimwambia asiuguse. Anakuja goti limekakamaa kama mlango wa kutu. Naweka goniomita, kile kipimo cha pembe chenye mikono miwili, inasoma nyuzi 35. Ili achuchumae kwenye choo cha kwao anahitaji zaidi ya nyuzi 120. Tunaanza: taulo la moto, kuisogeza ile sahani ya goti juu na chini kwa vidole gumba, kisha anakunja mwenyewe huku mimi nasukuma kidogo pale anapoishia. Anatokwa na jasho, na mimi pia. Dakika arobaini baadaye napima tena: 41. Kesho yake anarudi, napima, nakuta 38, na tunaanza upya kwa utani ule ule. Kama hadithi hii imekuchosha, kazi hii itakuchosha zaidi. Kama umebaki unajiuliza kwa nini zile nyuzi tatu zilirudi nyuma, endelea kusoma.

Omba nafasi ya kutazama. Andika barua kwa mkuu wa hospitali, Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji tunaiita General, ueleze wewe ni nani na unaomba siku ngapi. Siku tano au sita zinatosha kuanzia. Jaribu kuona mgonjwa wa kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mtu wa mgongo, na mgonjwa wa wodi ya upasuaji anayefundishwa kukohoa na kupumua vizuri. Kila jioni andika kwenye daftari ulichokiona, bila majina ya wagonjwa. Daftari hilo ni mtaji, utaona mbele.

Na tafadhali, usimsukume mgonjwa, usimkunje, usimpe ushauri. Kuna aliyefika kutazama siku moja, akamwambia bibi wa watu aache gongo kwa sababu ameona kwenye video. Hakurudi siku ya pili.

Hatua ya tatu: ipime kwanza njia ya nyumbani

Tanzania mlango wa taaluma hii ni shahada ya kwanza ya miaka minne, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Chuo kikuu cha KCMC kule Moshi (zamani KCMUCo) na chuo kikuu cha Muhimbili, MUHAS, Dar es Salaam wanaitoa. Vyuo vinavyoruhusiwa hutajwa kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa hiyo fungua cha mwaka unaoomba, usitegemee nilichokariri mimi. Kwa waliotoka kidato cha sita, msingi ni fizikia, kemia na biolojia.

Najua anayemiliki digrii tayari hataki kusikia "rudi mwaka wa kwanza". Anaona aibu kukaa darasa moja na waliomaliza sekondari juzi. Mimi nasema piga hesabu kwanza, aibu ije baadaye. Masta ya miaka miwili Uingereza, ada peke yake kwa mwanafunzi wa nje, vyuo vingi huwa kati ya pauni 16,000 na 25,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, hata hiyo ya chini ni zaidi ya shilingi milioni 50, na hapo hujalala, hujala, hujapanda ndege. Ukisoma nyumbani unajifunza kwa wagonjwa utakaowatibu, kwa lugha yao, na usajili wako hauna maswali. Kwa asiye na ufadhili, ushauri wangu ni huo. Kijana wa bahasha amana yake haikurudi. Sasa yuko Moshi, mwaka wa kwanza, na ananitumia picha za mifupa saa sita usiku akiuliza huu ni wa kulia au wa kushoto.

Hatua ya nne: ukiamua kutoka, chagua nchi kwa sheria zake

Uingereza jina la mfiziotherapia linalindwa na sheria, na msajili ni HCPC. Wana orodha ya kozi walizoziidhinisha kwenye tovuti yao. Andika jina la chuo, tafuta kozi, hakikisha ipo na iko hai. Isipokuwepo, funga ukurasa huo, hata kama barua ya udahili ina mhuri wa dhahabu. Chama chao cha taaluma, CSP, kinataka mwanafunzi afikishe saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo, ndiyo maana kozi ya mwaka mmoja haiwezi kukufikisha. Jambo jingine: baadhi ya vyuo havichukui wanafunzi wa nje kwenye kozi hizi kwa sababu nafasi za mazoezi hospitalini ni chache. Waulize kwa barua pepe kabla ya kulipia ombi.

Marekani mambo ni marefu zaidi. Huko kiwango cha kuingilia ni udaktari wa kitaaluma unaoitwa DPT, kwa kawaida miaka mitatu baada ya digrii ya kwanza. Kozi lazima iwe na ithibati ya CAPTE, chombo chao cha kukagua kozi za fiziotherapia, na wanafunzi hufanya mafunzo ya kliniki ya wiki zisizopungua 30 za kutwa. Ukimaliza unakaa mtihani wa taifa, NPTE, na leseni unaipata jimbo kwa jimbo. Watakudai masomo ya awali: anatomia, fiziolojia, kemia, fizikia, takwimu. Digrii yako ikikosa moja wapo, utalisoma kwanza.

Australia wana masta ya miaka miwili kwa wenye digrii nyingine. Kanada nayo inasomesha fiziotherapia kwa ngazi ya masta, ila viti vya wageni ni haba mno. Afrika Kusini, ambako wengi wetu tunapapenda kwa ukaribu, mlango wa taaluma ni shahada ya kwanza ya miaka minne kama hapa, masta zao ni za waliokwisha kuwa wataalamu. Usiende Cape Town ukitegemea masta ikubadilishe taaluma.

Hatua ya tano: uliza nyumbani kwa maandishi

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayouma zaidi baadaye. Ukirudi utapita milango miwili. TCU wanatambua shahada ya nje, yaani wanathibitisha chuo ni halali na kiwango chake ni kipi. Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, ndilo la usajili na leseni. Kutambuliwa na TCU si sawa na kusajiliwa na baraza. Mtu anaweza kufaulu mlango wa kwanza akakwama wa pili.

Kwa hiyo kabla ya amana, andika barua kwa baraza. Ambatisha jina la chuo, jina kamili la kozi, orodha ya masomo, idadi ya saa za kliniki, na digrii uliyonayo. Uliza moja kwa moja: nikirudi na hii, bila shahada ya kwanza ya fiziotherapia, nitasajiliwa kwa masharti gani? Nitafanya mtihani? Nitafanya utarajali? Jibu la simu halitoshi. Afisa aliyekujibu kwenye simu anaweza kuwa amehamia Kigoma siku utakayorudi.

Hatua ya sita: karatasi

Anza na majina. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la babu, cheti cha kuzaliwa hakina, na pasipoti niliijaza kwa haraka nikafuata cheti cha kuzaliwa. Kosa lilikuwa langu, na lilinigharimu muhula mzima nikitafuta hati ya kiapo na kueleza kwa watu wa mbali kwamba sisi wawili ni mtu mmoja. Tandaza vyeti vyote mezani leo, soma majina herufi kwa herufi. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000, na kitambulisho cha NIDA kiwe tayari.

Transkripti iombe chuoni mapema, iwe imefungwa na mhuri. Kuhusu alama: kwa mfumo wetu wa GPA ya 5, kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, na kozi nyingi za kubadili taaluma zinataka hapo au jirani na hapo. Mwenye 2.9 asikate tamaa, ila apeleke nguvu kwenye uzoefu na asiombe vyuo vitano vyenye masharti yale yale.

Mtihani wa Kiingereza kwa kawaida haukwepeki, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, vyuo vingi vya fiziotherapia vinadai jumla ya 7.0 na kila sehemu isipungue 6.5, juu kuliko kozi za kawaida. Wanaoanguka wengi huangukia kuandika. Kwa mtihani safari mara nyingi ni Dar. Siku hizi unapanda SGR asubuhi na mchana uko mjini, lakini nenda siku moja kabla, usifanye mtihani ukiwa na usingizi wa safari. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usiyakimbilie kabla hujajua unaomba mwaka gani.

Wadhamini wawe wawili: mwalimu aliyekufundisha kweli, na mtaalamu aliyekuona ukitazama wagonjwa. Usimchague mkubwa asiyekujua kwa sababu ya cheo chake. Barua ya profesa inayosema "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" haina uzito mbele ya ya mtaalamu wa kawaida anayesema ulikuja siku sita, ulifika kabla ya saa mbili, na uliuliza kwa nini mgonjwa wa kiharusi hufundishwa kukaa kabla ya kusimama.

Barua ya kujieleza na usaili

Nimesoma rasimu nyingi na karibu zote zinaanza: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Hata muuza chipsi pale Sabasaba anasaidia watu. Fungua daftari lako la kutazama. Andika kitu kama hiki: mama mmoja kutoka Bahi, wiki ya tatu baada ya kiharusi, alikuwa anajifunza kuinuka kwenye kigoda, na mtaalamu hakumnyanyua bali alisogeza miguu yake nyuma ya magoti na kumwelekeza aegemee mbele, mama akainuka mwenyewe. Halafu eleza ulichoelewa: uzito wa mwili ukisogea juu ya nyayo, mtu dhaifu anasimama kwa nguvu ndogo. Hapo msomaji anajua umewahi kuwepo.

Usaili mara nyingi ni kwa video. Watakupa hali na kusikiliza unavyofikiri: mgonjwa amekataa mazoezi, utafanyaje? Jibu baya ni "nitamlazimisha kwa upole". Anza na kuuliza. Huenda ana maumivu, huenda hajalala, huenda anaogopa kuanguka mbele ya mkwewe. Kisha chagua naye lengo analolijali, labda kufika msikitini au kanisani, na ugawe zoezi vipande vidogo. Kama anakataa bado, ni haki yake, unaandika kwenye faili na unarudi kesho. Ukikosa bando nzuri nyumbani, omba chumba tulivu kwa rafiki. Usaili uliokatika mara nne unamchosha anayekusikiliza.

Pesa, na mtego wa ufadhili

Mtego uko hapa. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanafadhili masta za mwaka mmoja. Ufadhili wa pamoja wa Jumuiya ya Madola nao umejengwa juu ya masta za mwaka mmoja. Kozi ya kubadili taaluma ni ya miaka miwili, kwa hiyo hizo zinazotangazwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp hazikuhusu. Zinamhusu yule ambaye tayari ni mfiziotherapia na anakwenda kubobea. Kama ndiyo wewe, Chevening watataka saa 2,800 za kazi baada ya digrii, na kurudi nchini kwa miaka miwili ukimaliza. Dirisha huwa linafunguliwa karibu na Agosti.

Anayekwenda Uingereza kwa fedha zake aongeze kwenye bajeti: viza, tozo ya huduma za afya ya pauni 776 kwa mwaka ambayo unailipa yote kabla ya kuondoka, na kipimo cha kifua kikuu ambacho Watanzania wanatakiwa kukifanya kwa kukaa zaidi ya miezi sita. Fedha za kuonyesha lazima zilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mjomba akikuwekea Ijumaa na kuzichukua Jumatatu, umejinyima viza. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya darasani (isiyo ya utafiti) haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto, hilo lizungumzeni nyumbani kabla. Saa 20 za kazi kwa wiki zinaruhusiwa wakati wa muhula, lakini usizitegemee kulipa ada. Wiki za mafunzo hospitalini unafanya kazi kutwa bila malipo, pengine mji mwingine, na nauli juu yako.

Darasani kukoje

Kwa ufupi: anatomia hadi uiote usingizini, na mazoezi ya vitendo mnafanyiana wenyewe. Hili sikuambiwa kabla nami nilishtuka. Unavaa kaptura na nguo nyepesi, mwenzako anagusa mfupa wa bega, wewe unagusa wa nyonga. Kama una sharti la dini au malezi, sema wiki ya kwanza. Hupangiwa mwenza wa jinsia yako na hakuna anayeshangaa.

Kwa aliye tayari mtaalamu

Chagua fani kwa kuangalia foleni ya wagonjwa wako. Hapa kwetu foleni ni kiharusi, ajali za pikipiki na watoto wenye mtindio wa ubongo. Ubingwa wa wanariadha wa kulipwa unapendeza kwenye picha, ila angalia ni mgonjwa gani atakayekuja kwako Jumatatu. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya masomo kwa barua kabla ya kukubali nafasi. Kuondoka kwanza na kuomba baadaye kumewatoa watu kwenye orodha ya mishahara. Utafiti wako ukitaka kuukusanyia data hapa, kibali cha maadili kinachukua muda, anza kukitafuta mapema kabla hujaishika tiketi ya kurudi.

Siku ya kuondoka chuoni

Kabla hujarudisha funguo za chumba, pita ofisi ya idara uchukue vitu vitatu vyenye sahihi na mhuri: maelezo kamili ya kila somo ulilosoma, kitabu cha saa zako za kliniki kikionyesha idara na idadi, na barua inayosema kozi iliruhusu usajili katika nchi ile. Kama unaweza kusajiliwa huko huko, jisajili, hata kama huna nia ya kufanya kazi. Ukifika Dodoma, TCU na baraza watauliza hayo hayo, na kuyaomba kwa barua pepe kutoka Makulu, kwa mtu wa ofisi ambaye hakukumbuki, inaweza kula miezi.